Umesahau paswedi ya laptopu ya zamani? Usikimbilie kupiga Windows

Krismasi nilipanda Marangu kama kawaida, si unajua sisi Desemba hata kama unaishi hapo chini Moshi mjini lazima ubebe begi kama unatoka Dar, sasa baada ya kula shangazi akanivuta pembeni, baba hebu njoo chumbani mara moja. Nikajua ni maneno ya ukoo au shamba. Kumbe anatoa kabatini kitu kimefungwa kwenye kanga, kufungua ni laptopu, Dell ile nene ya Windows 7, aliinunua 2012 bado anafundisha shule ya msingi na tangu 2018 haijawashwa. Paswedi hana. Ndani kuna picha za komunyo za wajukuu, picha za mwisho za babu akiwa hai, na hesabu za VICOBA ya akina mama ambazo mpaka leo kuna watu wanabishana nazo.

Fundi mmoja alishamwambia dawa ni kupiga Windows upya, elfu ishirini na inakuwa kama mpya. Ni kweli inakuwa kama mpya, yaani tupu. Ndo maana naandika hapa, maana nimeona watu wengi sana wamepoteza vitu vyao ivo ivo, laptopu inarudi inawaka vizuri mafaili yote hewa. Kwa hiyo utaratibu wangu mimi ni huu, mafaili kwanza, paswedi baadae. Na kabla ya yote hayo kuna mambo ya kijinga ya kuangalia ambayo mara nyingi ndo yenyewe.

Hii ni kwa laptopu yako au ya ndugu yako aliyekuomba mwenyewe. Kama umeuziwa "used" ya bei chee mtaani na muuzaji hajui paswedi, irudishe, usije ukajikuta unaeleza polisi uliitoa wapi.

Haya. Kwanza iamshe taratibu. Laptopu iliyolala miaka sita saba usiichomeke tu. Igeuze uangalie betri, kama imevimba au sehemu ya kuchezea mshale imeinuka juu, toa betri kabisa uiweke mbali, za zamani nyingi zina vifungio viwili chini unavuta inatoka, na laptopu itawaka kwa chaja peke yake. Ila ukifanya ivo ujue umeme ukikatika inazima hapo hapo. Chaja ikiwa imepotea usichukue yoyote inayoingia tundu, soma kibandiko chini ya laptopu, volti lazima zifanane (Dell nyingi ni 19.5), ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue.

Ikiwaka angalia saa. Ikikuambia ni mwaka 2010 maana yake kile kibetri kidogo cha ndani kimekufa. Rekebisha tarehe mapema kwa sababu tarehe ikiwa mbovu intaneti inagoma, kila ukurasa unakuambia sio salama, utahangaika na paswedi kumbe tatizo ni kalenda.

Pili, jua ni kufuli gani. Watu wanasema tu "imeniomba paswedi" lakini zipo za aina tofauti na dawa yake ni tofauti kabisa. Kama inakuomba kabla hata nembo ya Windows haijatokea, kioo cheusi na kiboksi tu, hiyo ni paswedi ya bayosi (BIOS, ule mfumo mdogo unaoiamsha mashine kabla ya Windows), nitaisema mwishoni. Kama Windows imefunguka ikakuonyesha jina lako na sehemu ya kuandika, hiyo ni ya Windows yenyewe. Na hapo napo tazama vizuri chini ya jina, kama kuna imeili basi akaunti yako imefungwa na Microsoft mtandaoni, kama ni jina tupu huenda ni akaunti ya humo humo ndani ya mashine, ingawa Windows 10 wakati mwingine inaificha imeili. Windows 7 na XP ni ya humo ndani tu, hii ya imeili imeanza na Windows 8. Halafu kuna ya mwisho, kioo cha bluu kinakuomba tarakimu 48, hiyo ni BitLocker, hadi diski (hard disk) nzima imefungwa, na bila hizo tarakimu hakuna fundi wa Moshi wala wa Arusha wala wa kokote atakayekutolea kitu. Habari nzuri ni kwamba mara nyingi funguo yake ilijihifadhi yenyewe kwenye akaunti yako ya Microsoft, ingia kwa simu aka.ms/myrecoverykey utaikuta pale.

Tatu, inawezekana hujasahau ila kibodi inakudanganya. Hapa naomba usipite haraka.

Laptopu nyingi za zamani zina namba zimejificha kwenye herufi. Angalia J, K, L utaona vinamba vidogo pembeni 1, 2, 3, halafu U, I, O ni 4, 5, 6, na M ni 0. Sasa Num Lock ikiwa inawaka, we unaandika moshi, yenyewe inapokea 06sh5, na kwa vile unaona vidoti tu huwezi kujua, utaapa hata mbele ya padri kwamba paswedi ni ile ile. Nilishawahi kukaa na laptopu ya jirani saa nzima kwa ajili ya hiyo taa moja. Caps Lock kila mtu anaijua, Num Lock wanaisahau. Kuizima ni Fn pamoja na kitufe chenye hayo maandishi.

Nyingine ni kibodi za mtumba. Laptopu zetu nyingi zimetoka Ulaya, kibodi ya Uingereza ina @ pale karibu na Enter, ya Marekani ina @ juu ya 2, kwa hiyo kama paswedi ina @ na Windows imejiweka kwenye mpangilio mwingine unaandika alama tofauti bila kujua. Ya Kijerumani ndo balaa, Z na Y zimebadilishana viti. Na kitufe kilichokufa pia kipo, chai imemwagikia herufi A mwaka 2016 nani anakumbuka.

Dawa ya yote ni moja, kwenye kona ya chini kushoto ya Windows 7 (kwenye 10 iko kulia) kuna kialama cha huduma za watu wenye ulemavu, bonyeza hapo fungua kibodi ya kwenye kioo, andika paswedi kwa kubofya na mausi herufi moja moja. Na Windows 10 ina kijicho pembeni ya kiboksi, kishikilie uone ulichoandika. Pia kwenye 10 angalia isije ikawa inakuomba PIN na we unaandika paswedi, ni vitu viwili tofauti, chini pale kuna sehemu ya kubadilisha njia ya kuingia, bonyeza kialama cha funguo.

Nne, kidokezo. Ukikosea mara moja Windows 7 inakuletea yale maneno uliyojiandikia mwenyewe siku unaweka paswedi. Ya shangazi ikaleta neno moja, ng'ombe.

Tukacheka. Basi shangazi akaanza kutaja ng'ombe wote aliowahi kufuga, Malkia, Neema, Mrembo, mmoja aliyeitwa Sita sijui kwa nini, na mi naandika, kwa herufi kubwa, kwa ndogo, na mwaka mbele, na mwaka nyuma. Binamu akaleta majina ya ndama. Hakuna. Windows ya zamani kwa kawaida haikufungii ukikosea kwa hiyo jaribu tu, ila andika kwenye karatasi ulizojaribu usije ukawa unazunguka pale pale. Kama ni Windows 10 ya akaunti ya ndani, ukikosea angalia chini ya kiboksi kama kuna maneno ya kuriseti, huenda uliweka yale maswali matatu, jina la mnyama wa kwanza na nini, ukiyajibu unaweka paswedi mpya imeisha. Na kama kuna akaunti nyingine humo, ya mwanao au ya mume, yenye mamlaka ya juu, ingia kwa hiyo nenda sehemu ya akaunti za watumiaji ubadilishe ya kwako. XP ile ya Professional nayo ina mlango wake, kwenye kioo cha kuingilia bonyeza Ctrl+Alt+Del mara mbili, itakuja sehemu ya kuandika jina, andika Administrator acha paswedi wazi bonyeza Enter. Wengi hawakuwahi kuiwekea kitu.

Tano, kama ni akaunti ya imeili. Hapa usiguse laptopu kabisa, chukua simu nenda account.live.com/password/reset uandike ile imeili, watakutumia namba ya siri kwenye simu au imeili nyingine uliyoandikisha. Tatizo la kwetu ni laini. Binamu yangu wa Pasua ana HP yake, namba aliyoweka ni ya laini ambayo hakuisajili kwa alama za vidole, ikaenda na lile zoezi la kufunga laini la Januari 2020. Sasa ile namba ya siri inatumwa kwa nani? Kama laini ilipotea tu na bado iko kwa jina lako nenda na kitambulisho cha NIDA wakurudishie, ila kama imekaa miaka imefungwa namba huwa wanapewa watu wengine, usimpigie mtu usiku kumwomba namba za siri atakuona tapeli na ana haki. Binamu alichookoka nacho ni imeili ya pili ya Gmail, ambayo kwenye simu yake ilikuwa bado iko wazi. Ukikosa vyote kuna fomu ya Microsoft ya kujieleza, wanauliza paswedi za zamani, watu uliowaandikia na vichwa vya imeili ulizotuma, jaza ukiwa nyumbani na intaneti unayotumia siku zote.

Halafu kosa ambalo karibu kila mtu analifanya, umeshabadilisha paswedi kwa simu, unarudi kwenye laptopu unaandika mpya, inakataa! Itakataa kwa sababu laptopu haina intaneti, yenyewe bado inajua ile ya zamani. Washa hotspoti ya simu, kona ya chini kulia ya kile kile kioo cha kuingilia kuna alama ya mtandao, iunganishe hapo kwanza, ndo uandike.

Sita, njia ya flashi, hii ndo tuliyotumia kwa shangazi na ndo naipenda kuliko zote. Iko hivi, paswedi ya Windows ni mlinzi wa getini tu. Mafaili yako ndani hayajafungwa, ni kama nyumba za kwetu huku, geti la chuma zuri lakini pembeni ni ua wa majani ya masale tu. Ukiwasha mashine kwa mfumo mwingine ulioko kwenye flashi, Windows hata haiamki, unaingia unachukua vitu vyako.

Unahitaji flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu cha maana (itafutwa yote), kompyuta nyingine nzima, na bando maana unashusha faili la kama GB 3. Mimi nilishuka na haisi kutoka Marangu Mtoni mpaka mjini kwa binamu, nikashusha Linux Mint (huo ndo mfumo mwingine wenyewe) ile ya Xfce kwa sababu ni nyepesi, halafu kiprogramu cha kuupandisha kwenye flashi kinaitwa Rufus. Ukifungua Rufus unachagua flashi yako, unachagua faili la Mint, pale kwenye aina ya mpangilio kwa mashine ya zamani weka MBR, unaanzisha. Dakika kadhaa imeisha. Kama mashine ni kuukuu mno, ile ya kizazi cha 32-bit, Mint hii haitapanda, tafuta antiX, Linux nyingine nyepesi.

Kwenye laptopu chomeka flashi, washa na hapo hapo gonga gonga kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Dell ni F12, Lenovo na Toshiba pia F12, HP ni Esc halafu F9, Asus ni Esc. Acer ni F12 lakini wakati mwingine mpaka uingie F2 ukaiwashe. Chagua flashi. Subiri. Ya shangazi ina ramu GB 2, tulichemsha chai tukanywa ndo ikafunguka.

SASA SIKILIZA. Ikifunguka utaona kwenye kioo kialama cha kuinstoli Mint. Usikiguse, mkono mbali, hicho ndo kinachoweza kufuta kila kitu. We fungua folda za kawaida, upande wa kushoto utaona hadi diski ya laptopu kwa ukubwa wake, ya kwetu 320 GB, ingia Users, ingia jina lako, humo kuna Desktop, Documents, Pictures, Downloads. Kwenye XP inaitwa Documents and Settings. Kopi yote kwenda kwenye diski ya nje au flashi nyingine. Pitia na D kama ipo, watu wa zamani tulikuwa tunaficha vitu D. Ukisikia diski inalia tik tik tik, chukua picha muhimu kwanza usianze na miziki, diski kuukuu inaweza kufa mikononi mwako.

Shangazi alivyoona picha ya babu imetokea kwenye kioo hakusema kitu, alienda kuita watu jikoni.

Saba, sasa ndo paswedi. Mafaili yakiwa salama nje unaweza kufanya fujo. Kwa akaunti ya ndani tu (ya imeili haifanyi kazi na njia hii), ukiwa bado ndani ya Mint na intaneti, fungua terminali (dirisha la kuandika amri) uandike sudo apt update, kisha sudo apt install chntpw, hicho ndo kiprogramu cha kufuta paswedi. Halafu kwenye folda za Windows ingia Windows, System32, config, bonyeza kulia sehemu tupu ufungue terminali hapo hapo, hii inakuepusha kuandika njia ndefu ukakosea. Andika sudo chntpw -l SAM (SAM ni faili la Windows lenye paswedi) ikuorodheshee majina, kisha sudo chntpw -u "jina" SAM, weka jina kama lilivyoandikwa kwenye orodha. Litakuja swali la kuchagua, bonyeza 1 kufuta paswedi, q kutoka, y kukubali kuandika. Zima, toa flashi, washa. Inaingia moja kwa moja kama mlango wa duka la mangi.

Ikikwambia haiwezi kuandika ni kwamba Windows haikuzimwa vizuri ililala tu, rudi kwenye kioo cha Windows shikilia Shift ukiwa unabonyeza kuzima, halafu rudia. Na ujue gharama yake, paswedi ulizohifadhi kwenye brauza zinapotea, na mafaili kama uliyafunga kwa ulinzi wa Windows yenyewe hayatafunguka tena. Ndo maana nasema jaribu kukumbuka kwanza kabla ya kufuta.

Ile ya bayosi niliyoahidi: kwa baadhi ya laptopu za zamani ukitoa kile kibetri kidogo kama sarafu, CR2032, ukaacha kidogo ukarudisha, inasahau. Lakini zile za maofisini, Latitude, ThinkPad, EliteBook, paswedi inakaa kwenye chipu, utatoa betri mpaka Pasaka na bado ipo. Kama shida yako ni mafaili usihangaike nayo, fungua skrubu, toa hadi diski, nunua kebo ya kuunganisha diski ya laptopu na USB, chomeka kwenye kompyuta nyingine usome kama flashi. Isipokuwa kama diski yenyewe iliwekewa paswedi yake, hapo pole.

Ukishaingia usianze kuitumia kwa mambo ya benki. Windows 7 iliacha kupewa ulinzi Januari 14, 2020, na Windows 10 imefuata Oktoba 14, 2025. Ya kuangalia picha na kuandika sawa, ila iache nje ya intaneti, au ukiipenda ile Mint basi sasa ndo kiguse kile kialama nilichokukataza.

Kwa shangazi nilifuta paswedi usiku, asubuhi tukakaa barazani tunapitia picha na kahawa. Tukafika kwenye picha ya ng'ombe mweusi na doa jeupe, akanishika mkono. "Huyu baba ndiye nilimuuza nikanunua hii kompyuta. Laki nane na nusu, mpaka leo nakumbuka, mnunuzi alitoka Himo."

Nikamwangalia. Shangazi, yaani 850000?

"Eeh, sasa ningeweka nini kingine?"

Na huwezi kuhakikisha tena maana nilishaifuta. Nikamfungulia pale pa kuweka paswedi mpya, akavaa miwani akaandika kwa kidole kimoja namba sita, hakuniambia ni zipi na sikuuliza. Kwenye kidokezo akaandika "ng'ombe", akafikiri kidogo, akaongeza "sio jina".